Shaaban Robert: Karani wa forodha aliyeandika bila kusubiri kustaafu

KATIKA gati la Nchelenge na soko la Kashikishi, siku ya mfanyabiashara huanza kabla jua halijachomoza. Magunia ya chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, yanapimwa na kushonwa. Vitenge, sabuni, chumvi na unga vinapakiwa kwenye boti kwenda Kilwa, ng'ambo ya Kongo. Kwacha inabadilishwa kwa faranga na dola. Kisha ipo foleni ya uhamiaji, na baada yake foleni ya forodha, ambako mtu huweza kupoteza nusu siku akisubiri karatasi yake igongwe muhuri.

Jioni anarudi nyumbani hoi. Anahesabu fedha, anakula, analala. Ukimuuliza habari za wimbo aliokuwa akiutunga, au za gitaa lililotundikwa ukutani, au za daftari alimoanza kuandika safari ya wazazi wake wakati wa vita, atakuambia kwamba nafasi hana. Ataanza mambo yakitulia, watoto wakishakua, au akishapata mtaji wa kutosha.

Leo tunamtazama mtu ambaye naye nafasi hakuwa nayo. Tena alikuwa upande wa pili wa meza hiyo hiyo ya forodha: hakuwa mwenye mzigo, bali karani aliyeandika mzigo katika daftari. Jina lake ni Shaaban Robert, na wanaosoma Kiswahili kuanzia Tanga hadi Lubumbashi wamekutana naye darasani au vitabuni.

Huenda msomaji wa huku ziwani akauliza mtu wa pwani ya mbali anamhusu nini. Jibu ni kwamba lugha hii tunayoisoma ilifika Mweru kwa miguu ya wafanyabiashara. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta mtu wa pwani, Mohamed bin Saleh, akiwa amekwishaishi hapo miaka mingi. Biashara ndiyo iliyoleta Kiswahili huku, na karani mmoja wa ushuru wa biashara ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kukipamba katika karne ya 20.

Mtoto wa Vibambani

Shaaban Robert alizaliwa Januari 1, 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Wazee wake walikuwa wa asili ya Kiyao, lakini yeye alikulia katika Uswahili wa pwani na akajihesabu kuwa Mswahili. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Alipokuwa na miaka mitano ilizuka Vita Kuu ya Kwanza, na Tanga ikawa uwanja wa mapigano Novemba 1914. Vita ilipokwisha nchi ikawa mikononi mwa Waingereza.

Kati ya 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam. Alifaulu mtihani wa kumaliza shule akiwa wa pili kati ya watahiniwa 11. Idadi hiyo yenyewe inaonyesha jinsi elimu ilivyokuwa adimu kwa Mwafrika wa siku zile. Kijana mwenye cheti hicho alikuwa na njia moja kubwa mbele yake, nayo ilikuwa ukarani serikalini.

Miaka 18 forodhani

Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 17, aliajiriwa kuwa karani wa forodha. Aliitumikia idara hiyo hadi 1944, Pangani na katika vituo vingine. Ni miaka 18 ya kuandika majina ya vyombo, hesabu ya mizigo, viwango vya ushuru na stakabadhi.

Anayejua kazi ya mpakani anajua jinsi inavyochosha. Mwenye mali ana haraka, mkubwa wa kazi anataka hesabu zilingane, na karani yuko katikati. Zaidi ya hapo, utumishi wa serikali ya kikoloni ulipangwa kwa rangi: Wazungu juu, Wahindi kati, Waafrika chini. Mwafrika angeweza kuwa hodari kuliko wenzake wote na bado asivuke ngazi aliyopangiwa. Mshahara ulikuwa mdogo na ndugu wa kutegemea walikuwa wengi.

Katika hali hiyo Shaaban Robert alianza kutunga. Hakuacha kazi ili awe mshairi, maana angeacha familia yake ingekula nini? Wala hakusema ushairi usubiri. Mambo hayo mawili aliyabeba pamoja, kila moja kwa wakati wake. Mchana aliandika daftari la serikali, na baada ya saa za kazi aliandika lake.

Alikuwa pia mwandishi wa barua. Barua zake kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, zinaanza 1931 na kufika 1958, nazo zilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2002. Hazikuandikwa ili dunia izisome. Ni barua za ndugu kwa ndugu, za mambo ya nyumbani, ya kazi na ya vitabu. Lakini kwa miaka 27 alikaa akapanga mawazo yake kwa maneno, na mkono uliozoea hivyo haukupata kutu. Wengi wetu tunaopeana habari na ndugu walio Pweto, Lubumbashi au Ndola tuna nafasi kama hiyo kila wiki, ila tunaimalizia kwenye salamu na maombi ya fedha.

Msiba na malezi

Maisha ya nyumbani nayo hayakumwachia utulivu. Mkewe Amina alifariki dunia, akamwachia malezi ya watoto. Mtumishi wa serikali mwenye watoto wasio na mama, anayeweza kuhamishwa wakati wowote, ana kila sababu ya kuweka kalamu chini. Yeye alimtungia marehemu shairi la maombolezo, nalo hadi leo ni miongoni mwa mashairi yake yanayojulikana zaidi katika shule za Afrika Mashariki.

Watoto nao aliwatungia. Binti yake alimwandikia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Tenzi hizo ni mawaidha ya mzazi kuhusu tabia, kazi na jinsi ya kuishi na watu. Kwa tendo hilo sanaa na malezi havikugombania saa moja, kwa kuwa saa aliyoitumia kutunga ilikuwa pia saa ya kulea. Mzazi anayevuka ziwa kila wiki na kuwaacha watoto kwa bibi yao anaweza kuliona jambo hili upesi kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwaka 1944 aliondolewa forodhani, akapelekwa bara kutumika katika idara ya wanyama hadi 1946. Mtu wa pwani alijikuta mbali na bahari, katika nchi ya wafugaji na baridi. Kisha akarudishwa Tanga, ambako alifanya kazi katika ofisi ya utawala hadi 1952, na baadaye katika ofisi ya upimaji wa ardhi hadi 1960. Ukihesabu tangu 1926 utapata miaka 34 ya kutumikia ofisi za watu.

Wajumbe sita waliorudi

Sasa tazama yaliyotoka katika miaka hiyo ya kazi. Mwaka 1949 yalitoka Maisha Yangu, masimulizi ya maisha yake mwenyewe. Mwaka 1951 kikatoka Kusadikika, 1952 Adili na Nduguze, na mwaka huo huo tafsiri yake ya mashairi ya Omar Khayyam wa Uajemi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alianza kuifuatilia vita ile kwa utenzi, Utenzi wa Vita vya Uhuru, ambao ulikuja kufikia beti zipatazo 3,000. Vitabu vyake vyote vinazidi 20, vikiwamo vya mashairi, insha, hadithi na wasifu.

Kusadikika kinawahusu wasomaji wetu wengi kwa namna ya pekee. Ni hadithi ya nchi ya kubuni inayoelea angani. Mtu mmoja, Karama, anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe uanasheria. Akijitetea barazani anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alipata taabu njiani, akajifunza mambo mema ya nchi za watu, akarudi nayo nyumbani. Kila mmoja alitupwa kifungoni. Mwisho wa utetezi wa Karama, haki inatambuliwa na wafungwa wanafunguliwa.

Wakoloni waliweza kuisoma kama ngano. Mwafrika aliyeisoma alijua nchi inayosemwa ni ipi. Ni wazi pia kwamba aliyeiandika alikuwa mtu wa ofisini, aliyeona kwa macho yake jinsi wakubwa wanavyopokea wazo jipya kutoka kwa mdogo. Kazi iliyomchosha mchana ndiyo iliyompa cha kuandika usiku.

Na yupo nani anayejua kurudi kwa wajumbe wale kuliko waliorudi Pweto na Moba kutoka kambi za Kala na Mwange kabla hazijafungwa mwaka 2010, au walioanza kurudi kutoka makazi ya Mantapala hapa Nchelenge tangu Desemba 2021? Mtu aliyekaa ugenini miaka mingi hurudi na ufundi, lugha, nyimbo na namna nyingine ya kutazama mambo. Akifika nyumbani husukumwa kwanza kutafuta shamba, paa na ada ya shule, ndivyo inavyopasa. Lakini akiyazika yale mengine yote kwa sababu ya haraka hizo, kijiji nacho kimepoteza alichorudi nacho.

Mchuuzi wa vyungu

Miongoni mwa vitabu vya Shaaban Robert kimo kimoja ambacho mfanyabiashara mdogo angepaswa kukisoma, nacho ni Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika nyumba ya kimaskini. Ujanani alifinyanga na kuchuuza vyungu, akitembea kwa miguu kutoka shamba hadi mjini. Sauti yake ilijulikana kwanza kwa kunadi bidhaa.

Baadaye alihamia mjini, akajifunza kuimba kwa kufuata ala za muziki, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Sahani hizo zilimfanya ajulikane pwani yote. Alifariki mwaka 1950, na wasifu wake ulichapishwa kwa mara ya kwanza 1958. Mwandishi alikuwa bado karani wa serikali huko Tanga.

Si ajabu kwamba karani alimchagua mchuuzi. Wote wawili walianza chini, hakuna aliyewapa likizo ya kufanya sanaa, na wote walichukua kile ambacho kazi yao ya kila siku ilikuwa imewapa. Siti alichukua sauti ya kunadi, naye Shaaban akachukua mkono uliozoea kuandika kwa mpangilio.

Gharama yake

Lakini tusimfanye malaika. Maisha ya namna hiyo yana gharama, na yeye aliilipa. Kuandika hakukumtajirisha. Alipata heshima: alitunukiwa nishani ya Margaret Wrong ya uandishi na nishani ya MBE ya Waingereza, akakaa katika kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Heshima hiyo haikumwondoa katika kiti cha ukarani.

Baadhi ya miswada yake ilikaa miaka mingi bila kuchapishwa. Kufikirika, Utubora Mkulima na Utenzi wa Vita vya Uhuru vyote vilitoka kati ya 1967 na 1968, wakati mwenyewe yuko kaburini. Mtu aliyefanya kazi hizo kwa kutegemea sifa au malipo ya haraka angekata tamaa mapema.

Katika Utubora Mkulima alitafakari jambo hili hili la kazi na maisha. Utubora ni mtu mwenye ajira mjini anayeiacha kazi ya mshahara na kwenda shamba kulima, akitafuta maisha yenye utu na amani ya moyo. Ni ndoto ya kila mtumishi aliyechoka. Mwandishi mwenyewe hakuitimiza ndoto hiyo kwa kutoroka ajira. Aliiandika, kisha kesho yake akaenda ofisini kama kawaida.

Alistaafu mwaka 1960. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, naye akauona. Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, alifariki dunia huko Tanga. Alizikwa kwao Machui.

Fanya hesabu hiyo polepole, ndugu msomaji, kama unavyohesabu faida ya mzigo. Miaka 34 ya kazi, miaka miwili ya mapumziko. Kama angesema ataandika akishastaafu, tungekuwa na vitabu vingapi? Pengine kimoja, pengine hata hicho kisingekwisha. Leo jina lake limewekwa juu ya shule na barabara Dar es Salaam, lakini hayo yote yamejengwa juu ya saa za jioni za karani aliyechoka.

Hata hapa Mweru

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya watu wa pwani tu. Kusini ya Nchelenge, huko Mwansabombwe, Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, alitawala kuanzia 1941 hadi 1950. Mfalme ana shughuli kuliko karani: mashauri ya ardhi, kodi za serikali, ugomvi wa wavuvi, wageni wasiokwisha. Hata hivyo aliikusanya historia ya watu wake katika kitabu cha Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani wahenga wangu na watu wangu. Kilichapishwa 1951, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na 1961 kikatoka kwa Kiingereza kwa tafsiri ya Ian Cunnison. Wasomi wa historia ya Luapula wanakitegemea hadi leo. Naye angengoja shughuli zipungue, habari zile zingezikwa pamoja na wazee waliozijua.

Karani na mfalme hawakufanana kwa cheo wala kwa mali. Walifanana kwa jambo moja: hakuna aliyesubiri apewe nafasi.

Kwa mwenye shughuli za ziwani nafasi zenyewe zipo, ila zimekatika vipande. Ipo nusu siku ya foleni ya forodha. Zipo saa za kungoja upepo utulie ili boti iondoke. Tena ipo miezi mitatu, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa ili samaki wazaliane na soko la Kashikishi linapopoa. Mtu anaweza kuijaza miezi hiyo kwa kulalamika kwamba fedha imekauka, na malalamiko hayo yana haki yake. Anaweza pia, katika miezi hiyo hiyo, kumaliza mkeka alioukatiza, kumfundisha kijana kupiga gitaa, au kuandika kurasa mbili za safari aliyoipita yeye na wazazi wake.

Mwaka mmoja wa kurasa mbili kwa wiki ni kurasa 104. Hicho ni kitabu. Daftari la kuandikia linapatikana pale pale sokoni, karibu na wauza betri na sabuni, na bei yake haifiki hata ya kilo moja ya chisense.